Kwa nini bwana shamba anachelewa kufika shambani kwako



Juzi nilikuwa Kigongo, kwenye bustani ya matikiti ya vijana wawili wanaomwagilia kwa pampu ya petroli kutoka ziwani. Ukisimama pale unaliona daraja lote mpaka upande wa Busisi. Tulipomaliza kukagua majani, mmoja wao akaniuliza: "Bwana shamba, usinichukulie vibaya. Hili daraja ni mabilioni. Sasa inakuwaje serikali yenye hela ya daraja kama hili, maafisa wake wanasema hawana mafuta ya pikipiki?"

Nikacheka kwanza. Halafu nikajaribu kumjibu, nikagundua jibu ni refu kuliko muda tuliokuwa nao. Naliandika hapa, maana swali hilo nalisikia kila msimu, na kijana anayelima kibiashara akilielewa jibu lake atapanga mambo yake vizuri zaidi. Siandiki kumtetea mtu. Wapo maafisa wavivu, hilo mnalijua na mimi nalijua. Lakini hata yule mchapakazi anakwama, na anakwama kwa sababu zinazoelezeka.

Hela za serikali hazikai mfuko mmoja

Daraja la J.P. Magufuli, hili la Kigongo–Busisi, lina urefu wa kilomita 3 na lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Hela hiyo ilitoka serikali kuu na kazi ikasimamiwa na TANROADS. Haikupita kwenye halmashauri, na mkurugenzi wa halmashauri asingeweza kumega hata lita moja ya mafuta humo.

Hivyo hivyo bajeti ya Wizara ya Kilimo. Mwaka wa fedha 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 294. Mwaka 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Mkulima akisikia hivyo redioni anasema sasa bwana shamba wangu ana hela. Lakini fedha nyingi za wizara zinakwenda kwenye umwagiliaji, mbegu, ruzuku ya mbolea na utafiti. Sisi maafisa ugani, tangu maboresho ya serikali za mitaa ya miaka ya 1990, tukawekwa chini ya halmashauri. Wizara inatoa miongozo ya kitaalamu na wakati mwingine vifaa, kama zile pikipiki alizozindua Rais Samia Dodoma mwezi Aprili 2022. Pikipiki ikishafika kwenye kata, kuiwekea mafuta, tairi na oili ni kazi ya halmashauri.

Halmashauri nayo ina mifuko mitatu, ukiiangalia kwa urahisi:

1. Mishahara. Inatoka Hazina na inalipwa mwezi hadi mwezi. Mfuko huu ndio wa uhakika.
2. Fedha za miradi kutoka serikali kuu na wafadhili. Zinakuja na masharti. Hela ya darasa ni ya darasa. Huwezi kununulia dawa ya viwavijeshi.
3. Mapato ya ndani, yaani ushuru, leseni, ada za masoko, minada na mialo.

Mafuta ya pikipiki yangu, siku za wakulima na mashamba darasa, kwa sehemu kubwa vinategemea mfuko wa tatu. Ndio mfuko mdogo, na ndio usiotabirika.

Mfuko wa tatu unajazwa na mazao yako

Zamani kulikuwa na kodi ya maendeleo, ile ya kichwa. Wazee wetu wanakumbuka watu wakikimbilia maporini kuwakwepa wakusanyaji. Ilifutwa mwaka 2003, na wananchi walifurahi kwa haki kabisa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima ni nafuu. Kwa halmashauri ya vijijini inayotegemea pamba, mpunga na dengu, ni pengo lililotakiwa kuzibwa na kitu kingine, na vijijini kitu kingine hakipo kingi.

Kidogo kinachokusanywa kina wenyewe tayari. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine kubwa inatakiwa iende miradi ya maendeleo kwa mujibu wa mwongozo. Kinachobaki kinagawanywa: posho za vikao vya madiwani, umeme, magari, walinzi, madeni ya watumishi, mitihani, ziara za viongozi. Idara ya kilimo inapanga foleni pamoja na wote hao.

Na hapa nataka muone hesabu. Huu ni mfano wangu, si takwimu za halmashauri yoyote. Afisa mmoja akizunguka vijiji vyake vizuri anatumia kama lita 22 za petroli kwa mwezi. Weka lita kwa shilingi 3,000, unapata 66,000. Kata 25 ni 1,650,000 kwa mwezi, sawa na milioni 19.8 kwa mwaka. Ili ushuru wa asilimia 3 utoe milioni 19.8, lazima yauzwe mazao ya milioni 660 na yote yalipiwe ushuru. Yakipita kwa njia za panya usiku, hiyo hela haipo.

Milioni 19.8 kwa mwaka si hela ya kutisha kwa halmashauri nzima. Ndiyo maana mkulima ana haki ya kuuliza. Tatizo kubwa ni mwezi ambao hela hiyo inahitajika.

Hela inakuja na mavuno, kazi inakuja na mvua

Huku kwetu pamba inauzwa kuanzia kama Mei. Mpunga nao unavunwa kipindi hichohicho. Kwa halmashauri inayoishi kwa mazao, hela inaonekana kati ya Juni na Septemba. Sasa mimi unanihitaji lini? Novemba unapoandaa shamba, Desemba unapopanda, Januari na Februari wadudu wanapoingia. Miezi hiyo ndiyo akaunti ya mapato ya ndani imekauka. Kwenye makaratasi fungu la kilimo lipo, limepitishwa na baraza la madiwani na Bunge. Kwenye mfumo wa malipo ukiangalia, sifuri. Bajeti ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe ni kitu kingine.

Nitawaambia kilichonitokea. Kabla sijahamia huku nilifanya kazi kwenye halmashauri nyingine, siitaji. Mwezi wa Februari kijana mmoja alinipigia simu Jumatatu: nyanya zake, robo tatu ya eka, majani yanakauka kama yameungua. Pikipiki yangu ilikuwa haina mafuta wiki ya tatu. Niliandika dokezo la kuomba masurufu, likazunguka meza nne, likarudi limeandikwa "subiri fedha". Nilifika siku ya kumi na moja, kwa bodaboda niliyolipa mwenyewe.

Ilikuwa kantangaze. Mdudu huyu kwenye joto letu anamaliza mzunguko wake wote kwa karibu mwezi mmoja, kwa hiyo siku kumi na moja ni nyingi sana. Viwavi walikuwa wametoka kwenye majani wameingia kwenye matunda. Kijana alikuwa amepuliza dawa mara tatu, zote za kundi moja, kantangaze hata hakushtuka. Alitupa zaidi ya nusu ya mavuno, na ile bustani aliianzisha kwa kuuza mbuzi wawili. Hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Lakini na mimi nilikosea. Siku ile ya Jumatatu nilitakiwa nimwambie apige picha ya jani kwa karibu na ndani ya tunda, anitumie. Ningeitambua kantangaze nikiwa nimekaa ofisini, nikamwambia aondoe majani yenye njia za viwavi, atege mitego ya harufu na abadilishe kundi la dawa. Ukosefu wa mafuta ulikuwa wa kweli, ila niliufanya kuwa sababu ya kukaa.

Mambo mengine yanayokula muda wa afisa

Afisa wa kata hana shamba tu. Anasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, tangu mpango ule uanze Agosti 2022. Anakusanya takwimu za mavuno na bei. Anakaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Sehemu nyingine anakaimu utendaji wa kijiji kwa sababu mtendaji hayupo, na akishakaimu anadaiwa ushuru, madawati na usuluhishi wa ng'ombe walioingia shambani. Wiki inaisha hajagusa jani la mtu.

Kuna pia mambo ambayo hayako kwa mkurugenzi kabisa, na vijana wanapoteza muda kuyapeleka huko. Barabara za vijijini ziko TARURA tangu 2017. Maji ya kunywa vijijini yako RUWASA tangu 2019. Skimu ziko Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Kibali cha kuvuta maji ziwani unaulizia Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ukimpelekea mkurugenzi barua ya kalvati, ataipeleka TARURA, nawe utakuwa umepoteza mwezi.

Sasa wewe ufanye nini

*Omba kwa kalenda.* Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vijiji vinaibua vipaumbele kuelekea mwisho wa mwaka, Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari vinapita kwenye kata, kwa wataalamu na kwenye baraza la madiwani. Baada ya hapo vinakwenda mkoani na TAMISEMI, kisha Bunge linakaa Aprili hadi Juni. Ukija na ombi lako Mei, hata mkurugenzi akikupenda, atakuambia mwaka kesho. Ukilisema Novemba kwenye mkutano mkuu wa kijiji na likaandikwa kwenye muhtasari, lina mahali pa kusimama.

*Omba kitu kinachopimika.* "Tusaidieni vijana" hakina kasma. "Shamba darasa moja la nyanya, ekari robo, mbegu, mitego na ziara sita za afisa kuanzia Desemba" kinaweza kuingizwa kwenye bajeti. Mkiniita niwasaidie kuandika, nakuja.

*Hudhuria mkutano wa mapato na matumizi.* Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, na hesabu zisomwe. Vijana wengi hamwendi, mnasema ni wa wazee. Wazee wakiwa peke yao watachagua cha wazee. Mwongozo unazitaka halmashauri zirudishe sehemu ya mapato ya kilimo, mifugo na uvuvi kwenye sekta hizohizo. Muulize diwani wako: mwaka huu imerudi shilingi ngapi, na ilifanya nini? Hilo ni swali la haki, na mimi kama mtumishi siwezi kulisimamisha kwa niaba yako kwenye baraza. Na kila mwezi Aprili ripoti za CAG zinawekwa Bungeni, zikiwemo za serikali za mitaa. Zisomeni.

*Dai risiti ya ushuru.* Kisheria ushuru wa mazao analipa mnunuzi, ingawa wote tunajua anaukata kwenye bei anayokupa. Sasa kama umeshakatwa, hakikisha umefika. Risiti ya mashine ndiyo inayoingia kwenye mfumo. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu inaishia mfukoni mwa mtu, na mafuta ya pikipiki yanaishia hapohapo.

*Mkopo wa asilimia 10 uufuatilie mapema.* Ulisimamishwa Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu, ukarudishwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Kwa kuwa unatokana na makusanyo, makusanyo yakishuka na mfuko unashuka. Kikundi kilichosajiliwa na chenye andiko tayari kinapata kabla ya kinachoanza kutafuta katiba siku fedha imetangazwa. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

*Nifanyie safari moja iwe ya watu kumi.* Ukiona dalili shambani kwako, waulize majirani. Mkijikusanya sehemu moja, lita yangu moja inahudumia bustani kumi. Na kabla sijafika tuma picha tatu: mmea mzima, jani kwa karibu, tunda lililopasuliwa. Niambie na majina ya dawa ulizokwisha kupuliza. Ushauri huu hauna malipo. Afisa akikuomba hela ili akuhudumie, anakosea.

Yule kijana wa Kigongo nilimrudishia swali lake: kijiji chenu mlikutana lini mara ya mwisho, na vijana mlikuwa wangapi? Akamwangalia mwenzake, wakacheka. Wakasema mkutano ujao watakwenda na wataomba mafunzo ya kuzuia nzi wa matunda, kwa maandishi. Na mimi nimeiandika tarehe hiyo kwenye kitabu changu. Nitakuwepo, hata kama nitatembea kwa miguu.

 Tuonane shambani.