Degedege na breki za ubongo

Mtoto akianguka na kukakamaa, wengi wetu huuliza nani kamroga. Swali lenye faida ni jingine: nini kimelegeza breki za ubongo wake? Breki hizo ni kemikali iitwayo GABA, inayotuliza seli za neva zisifyatuke zote kwa pamoja. Homoni za ubongoni, kama alopregnanoloni itokanayo na projesteroni, huipa GABA nguvu zaidi. Watafiti wa Prague waliwadunga panya wachanga pentilenetetrazoli, dawa inayozuia kazi ya GABA na kuleta degedege. Panya waliotangulia kupewa homoni hiyo walikingwa.

Jambo hili linaihusu Kiabakari, mji wa Butiama uliowahi kuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu. Vumbi la miamba huchosha mapafu ya wachimbaji na kukikaribisha kifua kikuu. Isoniazidi, inayotibu ugonjwa huo tangu 1952, ni salama kwa dozi sahihi. Lakini mtoto akibugia vidonge vingi vya mzazi wake, dawa hiyo huvuruga vitamini B6, ambayo ubongo huihitaji kutengeneza GABA. Degedege linalofuata huweza kukaidi dawa za kawaida, ilhali sindano ya B6 hulikata kwa kuuwezesha ubongo kutengeneza tena GABA yake.

Atakayesema panya si mtoto ana hoja: mwaka 2017 alopregnanoloni ilishindwa katika jaribio kubwa kwa wagonjwa wa degedege lisilokatika. Hata hivyo, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha ganaxoloni, dawa inayofanana nayo, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka miwili wenye kifafa kitokanacho na hitilafu ya jeni ya CDKL5. Panya walionyesha njia. Wagonjwa ndio waliothibitisha inafika wapi. Na kwa anayehofia gharama, fenobabitoni, dawa kongwe ya bei nafuu ambayo Dkt. Louise Jilek-Aall aliwatibia wenye kifafa wa Mahenge miaka ya 1960, huimarisha GABA hiyohiyo.

Kwa hiyo vidonge vya kifua kikuu vifungiwe mbali na watoto, sindano za B6 zisikosekane hospitalini, na mwenye degedege awahishwe kwa daktari. Ugonjwa wenye chanzo kinachojulikana na dawa inayopatikana haustahili kumfanya mtoto yeyote afichwe ndani.