Fahamu: Pomboo wa mdomo-chupa huishi wapi?

Ni mnyama gani?
Si samaki. Hunyonyesha, na huibuka juu kuvuta hewa kupitia tundu la utosini.

Makazi yake
Bahari za joto na za wastani, kuanzia ghuba na midomo ya mito hadi kilindini. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, huonekana karibu na ufuko.

Hupataje chakula?
Shark Bay, Australia, baadhi huvaa sifongo mdomoni wasichubuke wakichokora samaki chini ya bahari. Mtoto hujifunza kwa mama.

Bahari ikipata joto kali?
Mwaka 2011 joto kali liliangamiza majani mengi ya bahari Shark Bay na samaki wakapungua. Pomboo walikufa zaidi, watoto wachache wakazaliwa. Vifo vya wenye sifongo havikuongezeka sana: huenda ujuzi uliwapa chakula kwingine.