Akhwari: Mwamba wa Mbulu aliyeshika mkia siku moja tu

KWENYE soka mchezaji anaweza kukipiga miaka 15, akafunga mabao kibao, halafu watu wakabaki kumkumbuka kwa mkwaju mmoja tu aliokosa.

Muulize shabiki yeyote kuhusu Asamoah Gyan. Atakwambia Julai 2, 2010, Johannesburg, Ghana na Uruguay, sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, penalti ikagonga mtambaa panya. Wachache watakukumbusha kwamba dakika chache baadaye jamaa alirudi palepale, akapiga tuta la kwanza la Ghana na kuliweka kambani. Na wachache zaidi watasema ndiye Mwafrika mwenye mabao mengi zaidi kwenye fainali za Kombe la Dunia, sita.

Tanzania nayo ina mtu wake wa namna hiyo, ila huyu hakucheza mpira. Alikimbia.

Ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, mwaka 1938. Wakati huo Mkoa wa Manyara haukuwepo, umezaliwa mwaka 2002. Ila vilima ni vilevile. Kuanzia Mbulu mjini hadi kata kama Nambis, na ukishuka upande wa Hanang, ni nchi ya miinuko na baridi, ambako kutembea kwa miguu umbali mrefu si mazoezi, ni maisha.

Ukitaja jina lake mahali popote duniani, jibu ni moja: yule aliyefika wa mwisho Mexico. Ni kweli. Ila ni ukweli wa siku moja tu.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Oktoba 20, 1968. Tanzania ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kwa jina hilo, kwani miaka minne nyuma kule Tokyo ilikwenda kama Tanganyika.

Mexico City iko takribani mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kwa mtu anayekimbia kilomita 42 hapo hakuna utani. Akhwari alianza kubanwa na misuli njiani. Kabla ya nusu ya safari, wakati wakimbiaji wanagombea nafasi, akagongana na wenzake na kuanguka. Goti likachanika na kuteguka, bega likajipigiza kwenye lami.

Kwenye mpira hapo kocha anaita machela na kuingiza mchezaji wa akiba. Marathoni haina mchezaji wa akiba. Akafungwa bandeji, akarudi barabarani.

Wapo wanaodhani waliokata tamaa siku ile walikuwa wanyonge. Hapana. Abebe Bikila wa Ethiopia, mtu aliyebeba dhahabu ya marathoni Roma 1960 na Tokyo 1964, naye aliachia njiani kwa maumivu ya mguu. Kati ya wakimbiaji zaidi ya 70 walioanza, waliomaliza ni 57 tu.

Dhahabu ilikwenda kwa Mwethiopia mwingine, Mamo Wolde, kwa saa 2:20:26. Medali zikagawiwa, watu wakaanza kwenda zao, jua likazama. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, anatembea kidogo, anakimbia kidogo. Watu wachache waliobaki walisimama kumpigia makofi. Saa yake ilisoma 3:25:27, zaidi ya saa moja nyuma ya bingwa. Nafasi ya 57.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilizunguka dunia nzima: nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Mtengeneza filamu Mmarekani, Bud Greenspan, aliibeba picha ile na kuifanya simulizi ya Olimpiki. Tangu hapo dunia ikaamua hiyo ndiyo Akhwari, mwanzo na mwisho.

MIEZI 21 BAADAYE

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo haisimuliwi.

Julai 1970, Edinburgh, Scotland, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kwenye mstari wa marathoni alikuwepo Ron Hill wa England, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1969 ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameshinda Boston Marathon. Hayo yalikuwa mashindano ya wanaume wa kazi kwelikweli.

Na Akhwari alikuwepo. Goti lilelile.

Hill alishinda kwa saa 2:09:28, muda ambao kwa enzi zile ulikuwa wa kutisha. Akhwari alimaliza wa tano, kwa saa 2:15:05.

Isome tena hiyo namba. Ni dakika 70 na sekunde 22 pungufu ya muda wake wa Mexico. Ni zaidi ya dakika tano pungufu ya muda uliompa Wolde dhahabu ya Olimpiki. Ni kweli Edinburgh hakuna ule mwinuko wa Mexico, hivyo huwezi kuzilinganisha njia hizo mbili moja kwa moja. Ila huyo si mshika mkia. Huyo ni mkimbiaji wa daraja la juu ambaye siku moja alianguka.

Kipimo kingine kiko jirani kabisa na kwao. Mwaka 1978, kule Edmonton, Canada, kijana wa Hanang aitwaye Gidamis Shahanga aliipa Tanzania dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola. Muda wake? Saa 2:15:39. Akhwari aliukimbia muda mzuri kuliko huo miaka minane kabla, akaambulia nafasi ya tano. Hivyo ndivyo mbio za Edinburgh zilivyokuwa ngumu.

Shahanga hakuishia hapo. Mwaka 1982 alibeba dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane, na 1984 akashinda Rotterdam Marathon nchini Uholanzi. Kwa hiyo Mbulu na Hanang hazikutoa hadithi ya huruma. Zilitoa wakimbiaji.

HESHIMA ILIKUJA

Akhwari hakusahaulika moja kwa moja. Mwaka 1983 Taifa lilimpa nishani ya ushujaa. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney. Mwaka 2008 alikuwa balozi wa hiari wa michezo ya Beijing, na Aprili 13 mwaka huo, mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam, kituo pekee barani Afrika, naye alikuwa miongoni mwa walioubeba. Ipo pia taasisi yenye jina lake ya kusaidia wanariadha.

Tatizo si heshima. Tatizo ni somo tulilolichukua.

Kila timu yetu ikirudi mikono mitupu kutoka nje, iwe ya riadha, ngumi au soka, kuna kiongozi atasema tulikwenda kupata uzoefu, cha muhimu tumeshiriki. Na mara nyingi jina la Akhwari linatumika kama shuka la kufunikia aibu hiyo. Jamani, si alimaliza wa mwisho na dunia ikampigia makofi?

Mzee Akhwari hakwenda Mexico kushiriki. Alikwenda kushindana, mwili ukagoma, akakataa kuacha kazi nusu. Kisha akarudi nyumbani, akajiuguza, akafanya mazoezi, akaenda Edinburgh kuwaonyesha yeye ni nani. Kumaliza ilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili ni kurudi ukiwa bora zaidi.

Hilo ndilo la kumwambia mtoto wa shule pale Nambis atakayeshika mkia kwenye UMITASHUMTA na kurudi nyumbani analia. Asiambiwe kwamba kushika mkia ni sawa. Aambiwe kwamba mtu wa Mbulu alishika mkia mbele ya dunia nzima kwa saa 3:25:27, na hakukubali namba hiyo iwe ndiyo jina lake.

Akiuliza namba halisi ya Akhwari ni ipi, atajiwe bila kigugumizi: 2:15:05.