Uteuzi wa Lenzi ya Makro kwa Upigaji Picha wa Wadudu wa Pamba: Mfano wa Mashamba ya Bariadi, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua lenzi ya makro kwa ajili ya kupiga picha za wadudu wa pamba, yakichukua mazingira ya Bariadi na mkoa wa Simiyu kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba uteuzi uanze na kitu kinachopaswa kuonekana katika picha, yaani ukubwa wake na iwapo hukimbia kikikaribiwa. Jina la mtengenezaji na bei vije baadaye. Kwa kutumia mahesabu ya ukuzaji, nafasi ya kazi, kina cha fokasi na mwanga, makala yanaonyesha kwamba lenzi ya milimita 90 hadi 105 yenye uwiano wa 1:1 inatosheleza kazi nyingi za shambani, ilhali mayai na utitiri vinahitaji kupigwa picha mezani kwa vifaa vingine.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu Bariadi, una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Utafiti wa zao hilo katika Kanda ya Ziwa umekuwa na kitovu chake Ukiriguru, mkoani Mwanza, tangu miaka ya 1930, na leo kituo hicho kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kati ya shamba lililoko Meatu au Itilima na mtaalamu aliyeko kituoni kuna safari ya saa kadhaa. Picha ndiyo njia ya haraka ya kuuziba mwanya huo.

Hata hivyo, picha isiyoonyesha kinachohitajika yaweza kupotosha kuliko kutokuwepo kwa picha. Jani la pamba lililogeuka jekundu pembezoni laweza kuwa limefyonzwa na chawajani. Laweza pia kuwa na upungufu wa virutubishi. Picha ya jani zima haitenganishi hali hizo mbili. Picha ya upande wa chini wa jani, inayomwonyesha mdudu mwenyewe, hutenganisha. Vivyo hivyo, utitiri ukidhaniwa kuwa ni ugonjwa mwingine na shamba likapuliziwa kiuatilifu cha kundi la pairethroidi, wadudu-rafiki wanaoula hufa na utitiri huweza kuongezeka. Gharama ya kosa hilo humwangukia mkulima, naye hana njia ya kujua kwamba chanzo chake kilikuwa picha yenye ukungu.

2.0 Dhana za Msingi

Uwiano wa ukuzaji ni ulinganifu wa ukubwa wa taswira juu ya kihisi cha kamera na ukubwa halisi wa kitu. Katika uwiano wa 1:1, mdudu wa milimita 2.5 huacha juu ya kihisi taswira ya milimita 2.5, katika 1:2, taswira huwa nusu ya hapo. Lenzi ya makro kwa maana kamili ni ile inayofikia 1:1 bila kuongezewa kifaa. Ikumbukwe kwamba neno "makro" huandikwa pia kwenye lenzi za kuvuta ambazo huishia 1:4 au 1:2. Kwa hiyo mnunuzi asome uwiano wa juu katika maelezo ya lenzi, wala si neno lililochapwa ubavuni.

Nafasi ya kazi ni umbali kati ya kioo cha mbele cha lenzi na kitu kinachopigwa picha. Dhana hii huchanganywa mara kwa mara na umbali mfupi wa fokasi, ambao hupimwa kuanzia kwenye kihisi kilicho ndani ya kamera. Lenzi yenye umbali mfupi wa fokasi wa sentimita 30, ukiondoa urefu wa lenzi yenyewe na kina cha kamera, huacha nafasi ya takriban sentimita 14 tu mbele yake.

3.0 Ukubwa wa Mdudu na Ukuzaji Unaohitajika

Kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 23.5 na pikseli 6,000 kwa upana huo hutoa pikseli takriban 255 kwa kila milimita ya kitu katika uwiano wa 1:1. Jedwali la 1 linatumia kiwango hicho kwa viumbe wanaopatikana katika mashamba ya pamba.

Jedwali la 1: Urefu wa taswira kwa pikseli (makadirio)

| Kiumbe | Urefu (mm) | Katika 1:2 | Katika 1:1 |
|---|---|---|---|
| Yai la funza wa vitumba | 0.5 | 64 | 128 |
| Utitiri | 0.5 | 64 | 128 |
| Kidukari | 1.5 | 190 | 380 |
| Chawajani aliyekomaa | 2.5 | 320 | 640 |
| Kangambili | 15 | 1,900 | 3,800 |
| Funza wa vitumba aliyekomaa | 35 | 4,500 | hatoshei |

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, funza aliyekomaa na kangambili hawahitaji lenzi ya makro kamili; 1:2 inatosha, na funza hata hatoshei ndani ya fremu katika 1:1. Pili, chawajani na vidukari ndio hasa wanaohitaji 1:1. Tatu, mayai na utitiri hubaki vidogo hata katika 1:1: huonekana kuwa vipo, lakini maelezo ya umbo lao ni machache.

Jedwali hilo linarekebisha pia dhana kwamba kihisi kikubwa ni bora daima. Kamera ya kihisi cha milimita 36 yenye pikseli hizohizo 6,000 hutoa pikseli 167 tu kwa milimita katika 1:1. Kihisi kidogo hakiongezi ukuzaji wa lenzi, ila hukusanya pikseli nyingi zaidi katika eneo dogo. Kwa mtafiti mwenye bajeti finyu, kamera ya bei ya kati yenye kihisi kidogo si upungufu katika kazi hii.

Mahitaji ya ukuzaji hayaishii kwa wadudu. Katika miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell aliteua pamba iliyojulikana kama U4, ambayo majani yake yenye vinyweleo yaliistahimilisha dhidi ya chawajani. Aina zilizozalishwa baadaye Ukiriguru zilitegemea sifa hiyohiyo. Urefu na wingi wa vinyweleo ni mambo yanayopimika katika picha: unywele wa nusu milimita hupata pikseli takriban 128 katika 1:1, kiasi kinachotosha kuhesabu na kulinganisha majani ya aina mbili.

4.0 Nafasi ya Kazi na Tabia ya Mdudu

Lenzi zote za 1:1 hutoa taswira ya ukubwa uleule. Kinachozitofautisha zaidi ni nafasi ya kazi. Lenzi za urefu wa fokasi wa milimita 60 huacha takriban sentimita 5 katika 1:1. Za milimita 90 hadi 105 huacha sentimita 13 hadi 15. Na za milimita 180 hadi 200 huacha karibu sentimita 25.

Chawajani hukaa upande wa chini wa jani na husogea upesi kwa ubavu akiguswa na kivuli au mtikisiko. Kwa sentimita 5, mdomo wa lenzi hufunika mwanga, hugonga majani jirani na humfukuza mdudu kabla ya picha. Kwa sentimita 25 mdudu hutulia, lakini tatizo jingine huzuka. Ili kuona upande wa chini, mpigapicha hulazimika kuligeuza jani kwa mkono mmoja na kushika kamera kwa mkono mwingine. Lenzi za kundi hilo, kama Canon EF 180mm f/3.5L, huwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na uzito huo kwa mkono mmoja huleta mtikisiko. Stendi ya miguu mitatu nayo haisaidii sana pale ambapo jani lenyewe limeshikwa mkononi. Kundi la kati la milimita 90 hadi 105, ambalo lenzi zake nyingi huwa na uzito wa gramu 600 hadi 800, linapatanisha mahitaji hayo mawili.

Hapa pana jambo linalorahisisha uteuzi mzima. Viumbe vinavyohitaji ukuzaji unaozidi 1:1, yaani mayai na utitiri, havikimbii. Na wadudu wanaokimbia hawahitaji ukuzaji unaozidi 1:1. Jani lenye mayai laweza kuchumwa, likatiwa katika mfuko na kupelekwa mezani, mahali ambapo nafasi ndogo ya kazi si kikwazo. Hivyo basi, hakuna haja ya kutafuta lenzi moja ya kufanya yote, wala ya kubeba shambani lenzi maalumu kama Canon MP-E 65mm, ambayo hukuza kuanzia 1:1 hadi 5:1 lakini nafasi yake ya kazi hupungua kutoka sentimita 10 hadi takriban 4.

5.0 Kina cha Fokasi, Mwanga na Upepo

Katika 1:1, sehemu ya kitu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba mno. Kwa kamera ya kihisi kidogo, ukungu wa milimita 0.02 ukikubaliwa kuwa kikomo, tundu la f/8 hutoa kina cha milimita 0.64 na f/16 hutoa milimita 1.28. Kulifunga tundu zaidi si suluhisho lisilo na gharama. Mwanga upitao katika tundu dogo husambaa, tabia iitwayo difraksheni, na kila nukta hugeuka doa. Aidha, katika 1:1 tundu hufanya kazi kana kwamba namba yake imezidishwa mara mbili: f/8 huwa sawa na f/16, na doa la difraksheni hufikia kipenyo cha takriban milimita 0.02, kwa f/16, doa huzidi milimita 0.04. Kwa sababu hiyo, idadi ya pikseli katika Jedwali la 1 ichukuliwe kuwa kikomo cha juu, na f/8 hadi f/11 iwe masafa ya kawaida ya kazi. Kuliweka jani sambamba na kihisi husaidia kuliko kufunga tundu.

Athari hiyohiyo hupunguza mwanga hadi robo. Katika jua kali, f/8 kwa 1:1 huhitaji takriban 1/200 ya sekunde kwa ISO 200. Chini ya jani, penye mwanga mdogo mara 16, muda huwa karibu 1/12, au 1/100 ISO ikipandishwa hadi 1600. Jani linalopeperushwa kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde husogea milimita 0.1 katika muda huo, sawa na pikseli 25. Mfumo wa kutuliza mtikisiko uliomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wa mpigapicha, hautulizi jani. Flashi iliyowekwa kwa nguvu ndogo, ambayo mwako wake hudumu chini ya 1/1000 ya sekunde, hupunguza msogeo huo hadi chini ya pikseli tatu, mradi jani limekingwa na jua la moja kwa moja. Kipande cha plastiki nyeupe mbele ya flashi hulainisha mng'ao juu ya mabawa. Kwa fedha ileile, flashi huboresha picha kuliko lenzi ya gharama zaidi isiyo na flashi.

Vumbi nalo ni kigezo. Katika udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, kila ubadilishaji wa lenzi shambani ni mwaliko wa vumbi kwenye kihisi. Lenzi ambayo urefu wake haubadiliki inapofokasi ina sehemu chache za kuingizia vumbi, na lenzi moja inayoshughulikia 1:2 hadi 1:1 humwondolea mtafiti haja ya kuifungua kamera kondeni.

6.0 Njia za Gharama Nafuu

Kwa kuwa katika 1:1 fokasi hurekebishwa kwa kuisogeza kamera mbele na nyuma, fokasi ya kujiendesha si sharti. Lenzi kuukuu za kuzungusha kwa mkono, kama Micro-Nikkor 55mm f/2.8 inayofikia 1:2, bado zinafaa kwa funza, kangambili na dalili za majani.

Mirija ya kurefushia, ambayo haina kioo ndani, hufungwa kati ya kamera na lenzi. Ukuzaji inaoongeza hupatikana kwa kugawanya urefu wa mirija kwa urefu wa fokasi: milimita 68 za mirija kwenye lenzi ya milimita 50 hutoa takriban 1.4:1. Nafasi ya kazi huwa ndogo, na ndiyo maana mahali pake ni mezani, kwa mayai na utitiri. Simu yenye lenzi ya kubana ina kasoro hiyohiyo ya nafasi, lakini huonyesha vyema dalili za jani na inafaa kwa maafisa ugani wanaotuma taarifa za awali.

7.0 Kipimo Ndani ya Picha

Picha ya utafiti haina budi kuthibitisha ukubwa wa kinachoonyeshwa. Lenzi ya makro ikiwekwa 1:1, rula yenye alama za milimita ipigwe picha mwanzoni na mwishoni mwa kazi ya siku. Idadi ya pikseli kwa milimita itatumika kwa picha zote zilizopigwa bila kugusa fokasi. Simu hubadilisha ukuzaji na kuchakata taswira yenyewe, hivyo rula iwemo katika kila picha. Kila mdudu apigwe picha mbili: moja ya jani zima na nyingine ya mdudu, ili mtambuzi aone dalili pamoja na chanzo chake.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uteuzi wa lenzi ya makro hutokana na maswali mawili: kitu kina ukubwa gani, na je, hukimbia? Kwa mashamba ya pamba ya Simiyu, majibu yanaelekeza kwenye lenzi ya milimita 90 hadi 105 yenye 1:1, kamera ya kihisi kidogo na flashi moja shambani, pamoja na mirija ya kurefushia mezani. Pale ambapo bajeti hairuhusu vyote, flashi na rula visiachwe. Lenzi kuukuu ya 1:2 yenye mwanga wa kutosha na kipimo ni ushahidi bora kuliko lenzi mpya ya 1:1 yenye picha zilizotikisika. Mtafiti aliyeko Ukiriguru hataulizwa picha ilipigwa kwa lenzi gani. Ataulizwa mkulima apulizie nini, au asipulizie kabisa.