Kifua Kinapobana Wakati wa Kufuata Pumzi
Wapo ndugu zetu wanaoshauriwa kutuliza wasiwasi kwa kukaa kimya na kuzingatia pumzi. Baada ya dakika chache mabega hupanda, taya hukaza, kifua hubana. Wengi huingiwa na hofu, wakaiacha njia hiyo kabla ya kufaidika nayo. Aghalabu sababu ni ndogo. Pumzi hujiendesha yenyewe hata usingizini, lakini mtu akianza kuichunga hutaka kuiongoza, akavuta hewa kupita haja. Hapo kabonidioksaidi hupungua katika damu, kichwa kikawa chepesi na vidole vikafa ganzi. Naye akizidi kuvuta, hali huzidi.

Basi asiipangie pumzi. Alegeze taya na ulimi, ashushe mabega, aiache hewa itoke taratibu bila kuisukuma. Mkazo ukibaki, ahamishie fikra zake nyayoni au viganjani. Wala si lazima kukunja miguu sakafuni, kiti chatosha. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1929, alifundisha kukaza msuli kwa makusudi kisha kuulegeza, ili mtu aitambue tofauti.

Ila maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, au yanayokuja mtu anapotembea, hayo apelekwe nayo hospitali mara moja.