KUTEMBEA KWA MIGUU KILA SIKU: FUNZO LA NJIA YA TABORA KWA MZAZI MWENYE SHUGHULI NYINGI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa kutembea kwa miguu ni njia ya kulinda afya, wala si dalili ya ufukara. Maelezo haya yanawahusu hasa wazazi, ambao mara nyingi husema kuwa kazi, watoto na shughuli za nyumbani haziwaachii nafasi ya mazoezi.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara baina ya Pwani na Bara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mitaji ya misafara mingi ilitoka hapa Unguja, lakini wengi wa waliokwenda kwa miguu walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mara nyingi wake na watoto walifuatana na msafara. Ni wajibu kukumbuka pia kuwa katika njia hiyo walipitishwa watu waliotiwa utumwani, ambao kwao mwendo ulikuwa mateso. Kwa hiyo njia hii haitajwi hapa kwa kuisifu biashara yake, bali kwa kuangalia jinsi masafa makubwa yalivyogawanywa.

Mwaka 1857, msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke ulifika Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Masafa hayo ni takriban maili 600, sawa na kilomita 960. Tukiyagawanya kwa siku zote, zile za mapumziko zikiwemo, wastani ni kilomita 7 tu kwa siku. Desturi ya misafara ilikuwa kuondoka alfajiri na kufika kambini kabla ya jua kuwa kali. Mwendo wa baada ya adhuhuri, ulioitwa tirikeza, ulikuwa mzito na ulichukuliwa inapobidi, aghalabu pale maji yalipokuwa mbali.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Leo mtumishi, awe Tabora au Unguja, anaweza kutoka mlangoni kwake hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti cha ofisi, asitembee hata robo saa kwa siku nzima. Haja ya kuchukua mizigo kwa masafa marefu imeondoka, lakini haja ya mwili kutembea haikuondoka. Ukosefu wa harakati huongeza hatari ya maradhi ya moyo, shinikizo la damu, kiharusi na kisukari. Mzazi anapopatwa na maradhi hayo, haumii peke yake: ada ya shule, chakula na malezi ya watoto huyumba pamoja naye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaelekeza kuwa mtu mzima apate angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa wiki. Watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka kila kipindi kisipungue dakika 10. Sharti hilo sasa limeondolewa, na kila hatua inahesabiwa. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba.

Wazazi wanashauriwa kufuata utaratibu huu:

1. Asubuhi: kumpeleka mtoto skuli kwa miguu inapowezekana, kisha kuendelea na safari ya kazini. Hapo mzazi na mtoto wote wawili hupata sehemu yao.

2. Njiani: anayepanda daladala ateremke kituo kimoja kabla ya kile alichokizoea.

3. Ofisini: barua au ujumbe wa jengo la jirani upelekwe kwa miguu, na ngazi zitumike. Anayezungumza kwa simu asimame na kutembea.

4. Jioni: kwenda sokoni au kuwatazama jamaa wa karibu kwa miguu pamoja na watoto, jua likishapoa. Katika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wanaweza kuhamishia mwendo huo baada ya kufuturu.

5. Nyumbani: baba na mama wapokezane kukaa na watoto wadogo, ili mmoja asikose nafasi kila siku. Shughuli za nyumba zisiachwe kwa mama peke yake.

Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni, kwa siku tano, zinatimiza dakika 150.

Tahadhari ni muhimu. Pasipo na njia ya waendao kwa miguu, watembee upande wa kulia wa barabara ili waone magari na pikipiki zinazowakabili, na mtoto ashikwe mkono upande usio wa magari. Mwenye kisukari avae viatu vinavyomkaa vizuri, na akague nyayo zake kila siku. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wapate kwanza ushauri katika kituo cha afya. Anayehisi maumivu ya kifua asimame na kutafuta matibabu mara moja.

Hapa Zanzibar, tarehe 1 Januari huadhimishwa Siku ya Mazoezi Kitaifa. Siku hiyo ni ya kuhamasisha, lakini haiwezi kubeba mzigo wa siku nyingine zote za mwaka. Mzazi anayetembea dakika 30 kwa siku tano za wiki, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, huenda kilomita 12 na nusu kila wiki. Kwa hesabu hiyo, katika muda wa wiki 77 atakuwa amekwenda masafa ya kutoka pwani hadi Tabora, bila ya kukosa kazi hata siku moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Wananchi wanaombwa kuanza na hatua walizo na uwezo nazo, na kuongeza kidogo kidogo.