Binti Yetu Alipotuomba Ruhusa ya Bahari



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, binti yetu wa pili alituletea kahawa, akaketi mkekani, akasema: "Baba, nakuomba ruhusa. Nataka kuanza mazoezi ya triathloni." Neno hilo lilikuwa geni kwetu. Akatueleza kuwa ni mashindano ya mambo matatu yanayofuatana: kuogelea, kisha kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, na saa haisimami hata mtu anapobadilisha viatu. Baiskeli na mbio hazikututia wasiwasi mkubwa. Ilipotajwa bahari, tulikiweka kikombe chini.

Tulimwambia atupe muda tuitazame mas'ala hiyo vitabuni. Hivyo ndivyo tunavyosema sisi watu wa vitabu tunapotaka kukataa kwa adabu.

Tulivifungua vitabu kwa nia ya kutafuta katazo, na hatukulipata. Tulikuta mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi mbele ya Mola, na kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Tulikuta kisa cha Mtume kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, mara ya kwanza bibi akashinda, na miaka ya baadaye Mtume akashinda, kwa bashasha na mapenzi. Tulikuta masharti ya stara, faragha na usalama, na yote matatu yalikuwa katika uwezo wetu kuyatimiza. Ndipo tulipotambua kuwa tulichokuwa nacho moyoni hakikuwa dalili. Kilikuwa hofu.

Hofu ya nyumba nzima

Wasomaji wa umri wetu hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 250 wakafariki, ilhali nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho. Mitaa mingi ya Mombasa ilitandika matanga siku hizo. Marehemu mama yetu alisema kuwa mtoto wa nyumba yake hataingia baharini tena, nasi tukaurithisha wasia huo kwa wanetu.

Lakini tazameni matokeo yake. Wavulana walikwenda pwani kwa siri, wakajifunza kuogelea. Mabinti walitii, wakabaki hawajui hata kuelea. Binti huyu huyu huvuka kivuko kila asubuhi kwenda chuoni. Tulikuwa tumemkataza maji, na kila siku tukimpeleka juu yake. Utiifu wake ndio uliomwacha bila ya kinga.

Tukamwita, tukampa ruhusa kwa sharti moja: kwamba na mama yake ajifunze, na sisi tujifunze. Tabibu alikwisha kutuambia kuwa sukari yetu imepanda, na kwamba kutoka nyumbani hadi msikitini si mazoezi ya kutosha.

Asili ya mchezo huu

Triathloni si mchezo wa kale. Ilifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974. Miaka minne baadaye, kisiwani Oahu katika Hawaii, afisa wa jeshi la majini aitwaye John Collins na mkewe Judy walitaka kuumaliza ubishi wa nani mwenye pumzi zaidi kati ya waogeleaji, waendesha baiskeli na wakimbiaji. Wakayaunganisha yote: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za mbio. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mchezo uliingia katika Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000.

Kwa wanawake wa Kiislamu liko tukio la mwaka 2013 lenye mazingatio. Shirin Gerami alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Iran katika triathloni, mjini London, akiwa amejisitiri mwili na nywele katika hatua zote tatu. Binti yetu alituonyesha picha yake, kisha akanyamaza, akatuacha tuitazame.

Mwanzo ni mdogo

Asiogope msomaji masafa ya Hawaii. Mashindano mafupi yanayojulikana ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Yako mafupi zaidi yanayowafaa wanaoanza: mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5. Haya ndiyo tuliyoyachagua, tukajipa wiki kumi na mbili.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi: siku mbili za maji, mbili za baiskeli, mbili za miguu, na Ijumaa ya mapumziko. Kila wiki tuliongeza kidogo tu, kwani anayeongeza kwa pupa huumia goti, akarudi alikotoka. Katika mbio, mwanzo ulikuwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili. Kipimo chake ni kwamba mtu aweze kuzungumza bila ya kutweta. Baiskeli tuliiendesha baada ya Alfajiri, kabla ya matatu na tuktuk kuijaza barabara. Kofia ya kinga haikuwa ya hiari: katika mashindano ni lazima ifungwe kabla ya mtu kuichukua baiskeli, na isifunguliwe mpaka irudishwe mahali pake.

Liko zoezi moja lisiloachwa, nalo ni kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo. Miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe, na mgeni wa jambo hili hudhani ameugua. Dakika chache zikipita, hali hurudi. Afadhali mtu akutane na uzito huo siku ya mazoezi.

Darasa la maji

Hapa ndipo tulipopata taabu. Binti na mama yake walikwenda kwenye bwawa, kwa mwalimu mwanamke, katika saa za wanawake peke yao, wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayositiri. Sisi tulifundishwa na binamu yetu mvuvi, mahali maji yafikapo kifuani.

Somo la kwanza halikuwa kupiga mikono. Lilikuwa kutoa pumzi ndani ya maji. Mwoga hubana pumzi, kifua kikajaa, shingo ikakakamaa, miguu ikazama. Anayeitoa taratibu hulegea, na aliyelegea huelea. Tulikaa wiki tatu katika somo hilo moja. Sisi tuliozoea kuwasahihisha watoto wa madrasa kwa subira tulijifunza ilivyo kuwa mwanafunzi mzito.

Baharini tulishika mambo manne. Haogelei mtu peke yake. Huogelewa sambamba na ufuo, si kuelekea kilindini. Kila mapigo machache hunyanyuliwa macho kutazama alama ya nchi kavu, kwa kuwa bahari haina mstari wa kumwongoza mtu. Na hutazamwa kalenda ya Hijria: siku za mwandamo na za mwezi mpevu ni za bamvua, mkondo una nguvu, siku za katikati ni za maji mafu, ndizo za kujifunzia. Kusi likivuma kwa kasi, tulibaki nyumbani.

Jumamosi ya majaribio

Wiki ya kumi na mbili hatukungoja mashindano ya watu. Tulipima masafa yetu wenyewe asubuhi ya maji mafu, pwani ingali tupu. Kaka yake alimfuata kwa mtumbwi, mwalimu wake akiogelea kando yake. Sisi tulisimama ufuoni tukihesabu mapigo ya mikono yake, ulimi ukileta dhikri. Alipotoka majini mita 400 zikiwa zimekwisha, hakututazama. Alikimbilia baiskeli yake, akafunga kofia, akaenda. Mama yake akalia, nasi tukajifanya mchanga umetuingia machoni.

Zamu yetu ilipofika, tuliogelea mita hamsini tukashika ubavu wa mtumbwi. Baiskeli na mbio tulizimaliza, tukitembea pale palipotulemea. Tabibu ametuambia sukari imeshuka, lakini dawa tusiziache.

Enyi wazazi, mwenye sukari, presha au maradhi ya moyo aanze kwa daktari. Wenye mabinti waulizieni saa za wanawake kwenye mabwawa yaliyo karibu nanyi; zikiwa hazipo, akina mama wajikusanye waziombe. Si lazima mtoto awe mshindani. Ajue kuelea tu, hiyo ni amana aliyo nayo juu yetu.

Jumatatu iliyopita tulivuka kivuko pamoja na binti. Kwa miaka mingi tumezoea kusimama katikati ya chombo, mbali na ukingo. Safari hii alitushika mkono, akatupeleka ukingoni, tukasimama hapo mpaka ng'ambo.

Wabillahi tawfiq.